Masahihisho ya Kitabu cha Sita

Dada Somoe,

Kitabu cha kumi kipo. Naanza na hilo kwa sababu ndiyo habari yenyewe. Yanayofuata ni maelezo. Kipo, kimejaa karibu hadi jalada la nyuma, kwa mwandiko wako ule unaolalia kushoto. Nimekisoma chote kwa sauti kwenye baraza ya Mwanahawa muuza vitumbua, nikiwa nimekalia mbuzi yake ya kukunia nazi, kwa sababu alisema mwandishi wa habari hastahili kiti.

Tangu tukuzike niliamini kwamba hakuna kitabu cha kumi, na kwamba aliyekizuia ni mimi. Sikumwambia mtu. Kazi iliendelea. Nilikwenda Mnazi Bay kuandika juu ya wavuvi na mipaka ya hifadhi, nikarudi, nikatuma habari kwa wakati. Ila kila nilipokuwa na shughuli Chuno, mtaani kwako, nilipita njia ya nyuma ili nisiione baraza uliyokuwa ukishonea. Mtu mzima na mvi zangu, nakwepa baraza.

Nitakueleza kwa mpangilio, hata yale unayoyajua. Nisamehe. Nimezoea kuandika hivyo, msomaji asipotee.

Ulianza kuandika ukiwa na cherehani ya kwanza, ile ya kukanyaga. Ukanunua kaunta buku, ukaandika juu ya jalada "Majua Mawili, Kitabu cha Kwanza," ukanipa nisome kama vile ni jambo la kawaida kwa mshonaji wa sare za shule kumiliki nyota mbili na sayari saba. Dola mbili zinazozigombania ulizipa majina ya vitambaa: Dola ya Zari na Dola ya Bafta. Ramani uliichora kwa chaki ya fundi kwenye karatasi ya kaki, nyuma ya kipimo cha suruali, na mpaka wa dola hizo hadi leo unafuata mshono wa miguu ya suruali ile. Katika kitabu cha sita jua la pili lilipasuka, sayari ya nne ikavunjika, na tukaanza kuiita Vipande. Nilikuuliza kama sasa mfumo utaitwa Jua Moja. Ukanijibu, "Mtaa wa Msikitini ungeuita nini, msikiti ukibomoka?"

Kazi yangu ilikuwa kusoma na kusahihisha kwa penseli. Ulisema unataka mtu asiyekuonea huruma, na mimi sikukuonea. Mwezi uliochomoza mara mbili kwa siku moja, niliukamata. Jenerali aliyekuwa na mtoto mmoja kitabu cha pili na watatu kitabu cha tatu, nilimkamata pia, ukasema amezaa, nikasema hadithi ya vitabu hivyo imepishana siku nne tu.

Kisha kikaja kitabu cha tisa. Watu wa Vipande wametokea, wazima, wanapanda mihogo. Nikarudi kitabu cha sita kuhakikisha. Imeandikwa wazi, baada ya jua kupasuka: "Hakubaki mtu." Nikaandika pembeni mwa kitabu cha tisa: "Hawa walikufa. Ama futa pale, ama futa hapa." Nikakuletea mwenyewe, Jumatatu asubuhi, mguu wako ukiwa umeanza kuvimba na daktari amekwisha kukuambia upunguze kazi. Ulisoma. Ulifunga daftari. Ulisema, "Basi," midomo imebana, ukarudi kwenye cherehani.

Basi. Sikusikia tena habari za Majua Mawili kutoka kwako. Tuliongea mengine, bei ya uzi, mitihani ya wajukuu. Sikukuuliza, na wewe hukusema. Halafu moyo ukakuzidi nguvu.

Siku ya msiba nilikuwa mtulivu. Nimesimama kwenye misiba mingi na daftari mkononi, najua pa kuweka macho. Nilifungua droo ya cherehani yako nikakuta vitabu tisa, vimefungwa kwa utepe wa gauni. Nilitafuta cha kumi chini ya godoro, juu ya kabati, ndani ya sanduku la vitambaa. Hakikuwepo. Nikafunga droo na nikafunga na suala hilo, au ndivyo nilivyodhani.

Usiyoyajua ni yale aliyoyafanya Mwanahawa. Alikuwa jirani yako, lakini siku ile alikuja kama mtani, Mmakua kwenye msiba wa Wamakonde. Alivaa miwani yako. Akajitundika futi yako shingoni, akaanza kuwapima watu sanda. Akamwambia mtu mmoja mwenye kitambi, "Wewe hapa zinaingia mbili, tena bila ushungi." Alipofika kwangu akanizungusha kama nguo kwenye hanga. "Mabega haya yote yameshuka. Ndugu yake fundi!" Wanawake waliokuwa wakilia walicheka na kamasi puani. Kisha akaingia ndani kwako, akatoka na mfuko wa kitenge uliokuwa ukining'inia nyuma ya mlango. "Huu nimeuteka! Mkiutaka, mje mkomboe." Sheria ya utani inajulikana: mtani akiteka kitu msibani hagombezwi, hanyang'anywi. Nilijua mfuko ule, ndimo ulimotia mabaki ya vitambaa. Nikamwacha aende nao.

Nilifanya kosa ambalo ningemfokea kijana wa chumba cha habari kwa kulifanya. Sikuangalia ndani.

Arobaini yako ilipita salama. Tulisoma, tulikula, tulitawanyika. Mwanahawa akabaki, akanishika mkono wa koti. "Mmakonde, mbona hamkomboi? Mmezika mtu hata hamjui alichoacha." Nikamuuliza anataka nini, kuku au kanga. "Kuku anisaidie nini na meno haya? Nataka nisomewe. Amekufa ameniachia watu hewani."

Dada, hukuniambia kwamba ulikuwa ukimsimulia. Kila asubuhi, yeye anageuza vitumbua na wewe unasubiri mkaa wa pasi ushike moto, miaka yote hiyo! Anazijua dola zote mbili kwa majina ya mawaziri wake. Mimi nilijiona msomaji wako wa kwanza, kumbe nilikuwa napata yaliyopoa.

Akautoa mfuko. Juu mabaki ya vitambaa. Chini, kaunta buku.

Sikuamini mara moja, wala wewe usingetaka niamini. Kwanza nilitaka kujua uliandika lini: kabla ya ile Jumatatu au baada yake. Nilimuuliza Mwanahawa kama ulikasirika siku ile. Alinitazama kama kitumbua kibichi. "Akasirike? Alikuja hapa anacheka mpaka vikaniungulia. Akasema, mdogo wangu amenishika. Ngoja na mimi nimshike." Nikamwambia mimi nilisikia "Basi" tu, tena kwa midomo iliyobana. Akasema, "Alikuwa na pini mdomoni! Ulitaka ahutubie?"

Pini. Nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka kwako na sikuziona.

Shahidi mmoja hatoshi, tena mtani. Ushahidi wa pili niliukuta ukurasa wa tatu wa kitabu chenyewe, pembezoni, kwa chaki iliyokolezwa kwa kalamu: vipimo vya koti. Kifua, mkono, mgongo, na chini yake, "bega la kulia limeshuka, liongezwe pamba." Ni koti langu. Ulinipa Ijumaa ya wiki ile ile. Nilikuwa nimelivaa wakati nasoma. Kwa hiyo kati ya Jumatatu na Ijumaa ulikuwa umekwisha fika ukurasa wa tatu. Nilifunga daftari kidogo, nikaomba maji. Mwanahawa aliniletea.

Asubuhi tano tulisoma. Watu walinunua vitumbua wakabaki wamesimama. Mwanahawa alinikatiza kila ukurasa. "Rudia hapo." "Huyo waziri nilimwambia amuue mapema, hakunisikia." Na mimi nilisoma kama mshtakiwa anayejisomea mashtaka yake.

Maana kitabu chako kinaanza mahakamani. Dola ya Zari na Dola ya Bafta zimegawana Vipande, kwa hoja kwamba ni ardhi ya marehemu, haina mwenyewe. Anaingia mwanamke na kapu la mihogo, nyuma yake kijiji kizima. Jaji anawauliza, jua lilipopasuka mlikuwa wapi? "Tulikuwa msibani." Wamefiwa na mtani wao kwenye mwezi wa mbali wa sayari ya sita, wameondoka wote, wamekaa hadi arobaini. Jaji anauliza, wote? Hata watoto? Yule mwanamke anajibu, "Angebaki nani, bwana jaji? Abaki asemwe?"

Hapo Mwanahawa alipiga paja akasema, "Kweli kabisa."

Halafu ukanigeukia mimi. Mahakama inauliza ni nani aliyeandika kwamba hakubaki mtu. Inajibiwa: ni ripota wa Dola ya Bafta, aliyekuwa kwenye chombo safari ya siku mbili kutoka hapo, akaangalia kwa darubini. "Alikuwa mtu makini sana," umeandika, "na mabega yake yalikuwa yameshuka." Baraza nzima iligeuka kunitazama. Nimeandika habari miaka mingi na sijawahi kusahihishwa mbele ya watu wanaotafuna.

Kuna jambo moja lilinisumbua, nikaenda kwa shangazi kulihakikisha. Yale maneno, "Hakubaki mtu," yalinijia kama niliyowahi kuyasikia. Shangazi akacheka, akanisimulia. Mimi nilikuwa bado nabebwa mgongoni, wewe ulikuwa na miaka saba. Mto Ruvuma ulifurika kule mdomoni mwake, ukachukua nyumba ya bibi na za majirani zake wote. Mtu akaja hadi mjini kumwambia baba, hakubaki mtu. Baba akaweka matanga. Siku ya tatu bibi akaingia uani na kijiji kizima nyuma yake, shangazi akiwemo. Walikuwa wamekwenda mazikoni kijiji cha juu. "Tulifika tukakuta tunaliliwa," shangazi alisema. "Bibi yako alikaa akala wali wa matanga yake mwenyewe, akaomba na mchuzi."

Kwa hiyo hukubuni. Mimi ndiye niliyesahihisha kwa penseli jambo lililotokea uani kwetu.

Mengine yaliyobadilika ni machache. Baraza yako amepanga kijana anayetengeneza simu. Cherehani ameichukua binti yako, na sare tulizozikuta zimekatwa amezimalizia mwenyewe. Mikono ya mashati imepishana kidogo, watoto hawajali. Mabibo yameanza kuanguka na mji mzima unanuka utamu ule uliochacha. Mimi jioni natembea Shangani kama zamani, ila sasa nikienda Chuno napita njia ya mbele.

Nimebaki na mwisho wa kitabu. Mtawala wa Dola ya Bafta anafariki. Watu wa Vipande wanafika msibani, wanasema: tulipigana nanyi vita, kwa hiyo sisi ni watani. Hakuna sheria ya kuwazuia. Wanavaa kofia za majenerali. Wanawapima sanda mabalozi wa Zari. Kisha wanakiteka kiti cha enzi, wanaondoka nacho kichwani, na dola nzima inabaki imesimama. Watoto wa mtawala wanawafuata kukikomboa. Wanaahidi madini, vyombo, miezi miwili. Yule mwanamke wa kapu la mihogo anakataa vyote. Anataka jambo moja tu, kwamba pale palipoandikwa "Hakubaki mtu" parekebishwe, na aliyeandika arekebishe kwa mkono wake mwenyewe.

Baada ya hapo kurasa ni nyeupe. Niliwaonyesha watu waliokuwa barazani. Mtu mmoja akauliza, "Sasa, huyo ripota aliandika au hakuandika?" Mwanahawa aliifuta mikono yake kwenye kanga, akasema, "Mfuko siutoi, ripota. Kalete kitabu cha sita."

Nilikwenda nikakileta. Katika kazi yetu kosa lililokwisha kusomwa halifutwi, linasahihishwa pale pale lilipotokea ili kila mtu aone. Nilitoa kalamu ya wino. Chini ya maneno yale, mbele ya mashahidi waliokuwa na mafuta ya vitumbua vidoleni, niliandika:

"Masahihisho. Habari hii ilitolewa na upande mmoja wa vita, na mwandishi hakufika eneo la tukio. Watu wa Vipande walikuwa msibani. Wamerudi wote."

Nikatia sahihi. Mwanahawa akanitaka nimsomee nilichoandika. Nikasoma. Akasema, "Hapo sawa," akanipa mfuko, na kiti.

Vitabu kumi sasa vimefungwa kwa utepe mmoja. Sitaongeza sentensi yako hata moja, wala sitamruhusu mtu. Kila Jumamosi nitasoma barazani pale kuanzia cha kwanza, kwa sababu wapo waliodandia katikati, na nikifika ukurasa ule wa kitabu cha sita nitasoma kosa langu na masahihisho yake, yote mawili, kwa sauti ile ile. Hiyo ndiyo ahadi yangu, nimeiweka kwenye maandishi.

Pumzika, dada. Ulinishika.

Mdogo wako,
Issa