Jamvi la Kando ya Mlango

Songea, nyumba za makarani,
14 Juni 1909

Mpendwa dada yangu Mwanne,

Shikamoo, dada. U hali gani wewe, na shemeji Swalehe, na watoto? Ule mguu wako uliokuwa ukivimba umepoa? Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila baridi ya huku inaniingia mpaka kwenye meno. Naandika nimejifunika mablanketi mawili.

Uliniuliza ninakula nini, maana unajua mdogo wako hawezi hata kuchemsha maji. Basi furahi, nimepata pa kula! Nyuma ya soko, karibu na kijito, kuna kibanda cha nyasi, ukikipita utadhani ni zizi la mbuzi. Mwenyewe nimekipita mwaka mzima. Siku moja mwezi wa tatu mvua ikanikimbizia humo, na harufu ikanikalisha.

Mpishi ni mama mmoja Mngoni, mjane, Mkristo wa misheni, jina lake Notburga. Anasonga ugali wa ulezi, anapika mboga za majani za karanga, wao huziita likolo, na samaki wakavu wa Nyasa anaowaloweka mpaka wanalainika. Kuku simgusi kwa kuwa simjui aliyemchinja, usiwe na wasiwasi. Hela tatu tu, dada, na unashiba mpaka kesho! Kule wanakokula askari nilikuwa natoa hela kumi nikapewa wali wenye mawe.

Tena nilipewa heshima, au ndivyo nilivyodhani. Wateja wengine, wapagazi na maseremala, huketi wanne wanne wakala sahani moja. Mimi Notburga alinitandikia jamvi langu peke yangu kando ya mlango, nikaletewa sahani yangu peke yangu. Weee! Nikajiona bwana mkubwa. Nikanyoosha kanzu, nikala taratibu kama kadhi.

Miezi miwili ikapita hivyo, na lile jamvi nikaanza kuliona pana mno. Wenzangu wanacheka, wanataniana, wanagombea kichwa cha samaki, mimi natazama ukuta. Unajua tulivyolelewa, sinia moja, na mama akitupiga vidole tukichagua minofu. Mwezi uliopita sikuvumilia. Nikabeba sahani yangu mpaka kwa seremala mmoja, Osmund, na wenzake, nikasema leo tule pamoja. Osmund akafuta mikono, akainuka, na wenzake wakamfuata nje. Ugali wao waliuacha bado unatoa moshi.

Nikamwuliza Notburga nimekosa nini. Hakupandisha sauti.

"Chakula nitakuuzia, karani. Watu wa kula nao siwezi kukuuzia."

Akageuza samaki jikoni, kisha akaniambia, "Wakati ule wa vita uliniuliza jina la mume wangu mara mbili, ili uliandike sawasawa. Hunikumbuki?"

Sikumkumbuka. Dada, hili sijapata kukuambia. Vita ya Maji Maji ilipozimwa, mimi ndiye niliyekaa mezani pale bomani nikaandika majina ya waliohukumiwa kunyongwa. Wake zao walikuja kunitajia hayo majina, wakidhani wanawaombea waume zao msamaha. Sikukamata mtu, sikufunga kamba, niliandika tu. Miaka mitatu nimejiambia hivyo. Na tangu mwezi wa tatu nimekula mkononi mwa mmoja wao, nasifu chumvi yake, sura yake siitambui. Naona haya, dada, naona haya hata kuliandika.

Siku nne sikwenda. Nikajipikia uji ukaungua, nikaunywa hivyohivyo. Siku ya tano nikarudi, nikasimama mlangoni kama mwizi. Notburga akatandika jamvi langu palepale, akaleta samaki. Nakula hapo kila siku. Katika mji huu hakuna mwingine anayeniwekea kitu mbele yangu, na nikitoka hapo siongei na mtu mpaka kesho yake. Niko mpweke, dada.

Kazi yangu ya mkataba inakwisha mwezi wa nane. Bwana mkubwa wa bomani anataka niongeze miaka miwili, sijamjibu. Ninalolitaka ni kuja huko nifuturu nanyi Ramadhani hii. Lakini kwetu nako vita iliua watu, na shemeji alimzika kaka yake. Nimeona afadhali jambo hili mlisikie kwangu. Barua hii akusomee shemeji mwenyewe, msimpelekee mwalimu wa chuo cha Kurani.

Nisalimie Chiku na Sharifa, najua wamekuwa wakubwa. Bibi Mwamvua mwambie ugoro wake ninao, nimeufunga vizuri usishike unyevu. Mwenyezi Mungu akuweke, aupoze mguu wako, asikupunguzie unga ndani.

Ukiniita nitakuja. Na nikifika, kama mtaona nile peke yangu, usinieleze sababu, dada. Nitaketi nile. Ila jamvi langu usinitandikie kando ya mlango.

Ni mimi mdogo wako akupendaye siku zote,
Daudi bin Chande