Mahali Nafula Anapoangalia

Kumbe ni nywele. Wiki nzima nimekuwa nikifikiri mtoto wangu haoni, au ananiona na hanitaki.

Tangu Jumapili nilipofumua rasta, Nafula amekuwa akiniangalia juu ya paji la uso, kama mtu anayesoma bango lililo nyuma yangu. Jirani yangu Mama Chebet akasema, "Wee, hayo macho si mazuri. Mpeleke kliniki mapema." Sikulala vizuri tena.

Leo pale kliniki nilimpata dada mmoja mtafiti, anayewaonyesha watoto picha na kuangalia macho yao yanaenda wapi. Alipitisha kadi yenye milia myeusi na myeupe, Nafula akaifuata mpaka mwisho. Nilishukuru Mungu pale pale kwa benchi. Kisha dada akaniuliza, "Mama Nafula, ulibadilisha nywele juzi?"

Nikashtuka. Huyu amejuaje?

Akasema ameona Nafula akinitafuta juu ya paji, na kwamba macho ya mtoto wa wiki sita bado yanashika sana ukingo wa uso, pale nywele zinapokutana na ngozi. Hapo ndipo Nafula alikuwa amezoea kunijulia, na mimi nikapafumua.

Jioni nimejaribu mwenyewe. Nimefunga kitambaa, akaangalia mpaka wa kitambaa. Nimekitoa, akatafuta tena pole pole, akashuka hadi kwa nyusi, akarudi juu. Mimi nimekaa tu, hata kupumua naogopa.

Mama Chebet anataka kunisuka Jumamosi. Nimemwambia angoje kidogo. Nataka kuona ni siku gani Nafula atateremka mwenyewe hadi kwa macho yangu, anikute.