Bolti ya Kumi na Mbili

Jumamosi, Mraru. Jua kali, na upepo wa vumbi jekundu tangu asubuhi. Mabati ya banda yamepiga kelele mpaka nimechoka nayo.

Nianze kwa kukiri kitu: mimi huhesabu kila kitu. Vijiko, ngazi za ofisini, dakika za mahubiri. Kwa hivyo sikukosea. Jana jioni niliweka bolti kumi na moja kwenye siki. Leo nimetoa kumi na mbili.

Wacha niandike yote kwa mpangilio, huenda nikatulia.

Baba alituacha mwaka jana. Karakana yake nyuma ya nyumba, banda la mabati na meza moja ya kazi, sikuwa nimeigusa. Lakini tangi la maji limeanza kunuka, lazima lioshwe, na kufika huko juu kunataka ngazi. Ngazi yenyewe ilitolewa miaka kumi na minne iliyopita, siku kaka yangu Mwadime alipoanguka nayo akafa. Tangu hapo imelala nyuma ya choo na hakuna aliyetaka kuiona. Nikasema basi, nitairudisha mimi. Nikachukua mkebe wa bolti wa Baba. Zote zilikuwa zimeshikwa na kutu hadi nati hazigeuki, ndiyo maana nikaziloweka.

Baba alifundishwa kazi kwenye reli, na alikuwa na desturi ambayo sijaiona kwa fundi mwingine. Kila bolti aliyoifungua ili aisafishe, kwanza aliigonga alama kichwani kwa tindo na nyundo. P ni ya posho mili, ile mashine ya kusaga unga. K ni ya pampu ya kisima. Namba inaonyesha tundu lake, kwa sababu alitaka kila moja irudi palepale ilipotoka. Bolti ambayo Baba hakuwahi kuifungua haikuwa na alama yoyote.

Kuna jambo jingine ambalo sijawahi kuliandika hapa. Tangu tumzike, nyumbani kuna sauti. Ko. Chuma kikigonga mbao, mara moja tu, halafu kimya. Naisikia nikiwa jikoni, inatoka sebuleni. Saa ya chai. Baada ya sala. Mimi si mtu wa mizimu, lakini nikiisikia nywele zinanisimama. Sikuwahi kumuuliza Mama kama naye anaisikia. Niliogopa ajibu ndiyo.

Leo mchana nikaimwaga siki, imegeuka nyeusi tititi. Nikaziosha bolti kwa maji ya magadi, nikazipanga juani juu ya gunia. Nilipopata kumi na mbili nikazihesabu tena, nikigusa moja moja. Ya mwisho haikuwa imeliwa na kutu kama zile nyingine. Nikaisugua kwa brashi ya waya na herufi ikajitokeza polepole.

N2.

N ni ngazi.

Nilikaa chini kwenye vumbi.

Ngazi ile ilishikwa kule juu na bolti mbili. Siku ya Mwadime, moja tu ndiyo iliyokuwepo, tundu la pili lilikuwa tupu. Watu wote wakasema ni fundi Mghanga aliyeifunga, alilipua kazi, aliweka moja. Mghanga aliapa kando ya kaburi kwamba aliweka mbili. Mimi nilikuwa kidato cha tatu. Nilimwambia mbele ya watu wote, wewe ni muuaji. Hakuna aliyeninyamazisha. Baba alikuwa akitazama mikono yake. Baada ya hapo Mghanga hakupewa kazi tena, si hapa wala Voi mjini, akahamia Mboghoni. Nasikia analima ndizi katika shamba la mtu.

Kama Mghanga hakuiweka, Baba aliigonga alama lini?

Aliifungua yeye. Aliitoa aisafishe, akaiacha kwenye siki, akaitwa mahali, na hakumwambia mtu. Mwadime akapanda.

Na sasa imeingia kwenye mkebe wangu, mimi sikuiweka. Jua linawaka nami nasikia baridi mgongoni. Nilifikiri Baba amerudi kuileta. Nimeliandika hilo na sitalifuta.

Ndipo nikagundua kwamba leo sijaisikia ile sauti tangu asubuhi.

Nilimkuta Mama barazani akichambua kunde. Hakuinua kichwa.

"Umeiona ya ngazi?"

Ncha za vidole vyake zilikuwa nyeusi, kama vyangu. Na pembe ya leso yake ya kiunoni, ile anayofungia vitu vyake, ilikuwa inaning'inia bila fundo.

"Nimeitumbukiza ulipoenda dukani," akasema. "Babako alinipa wiki ile ya mwisho. Akaniambia, mpelekee Mghanga, umwambie. Mghanga akaja mazishini, Wakesho, ulimwona. Nikampa mgongo. Nilishindwa."

Mwaka mzima alitembea nayo kiunoni. Kila akiketi, fundo liligonga kiti. Nilikuwa namwogopa Baba, kumbe ni Mama anakaa.

Ningepaswa kushusha pumzi. Badala yake niliwaka, nikamuuliza kwa nini hakuniambia mimi.

"Wewe ndiye ulimwita muuaji," akasema. "Ningeanzia wapi?"

Nikaketi kando yake, nikaanza kuchambua kunde naye.

Nina hasira na Baba. Alinisikia siku ile kaburini, na miaka yote hiyo akaniacha niamini. Nina aibu pia, na aibu ndiyo nzito zaidi, maana neno lile lilitoka kinywani mwangu, si mwake.

Kesho ni Jumapili, lakini hatuendi kanisani. Tunaenda Mboghoni. Mama ameshapiga pasi gauni lake la kijani na kulitundika mlangoni. Hajui kama Mghanga atatufungulia, nami sijui. Nitasema shikamoo. Asipoitikia, nitaiweka tu bolti mbele yake aione ile alama, kisha nimwambie mimi ni yule msichana.

Nimejaribu kuiweka sasa hivi hapa mezani, nione itakavyokuwa.

Ko.

Mama amefumba macho.