Tupa Ilipozidi Mfereji Mmoja

Yaya wangu mpendwa,

Tangu wiki iliyopita, nilipoamua kukuandikia, siwezi kukaa. Nashika tezo, naiweka chini. Kuna ubao wa mtumbwi nimeupiga randa mpaka umekuwa mwembamba hauna kazi tena. Kila chombo kikitokea upande wa Chienge natoka kwenye kibanda, nashuka hadi majini, natazama kama ni wewe unayeteremka, halafu narudi. Wateja wananiuliza kama ninaumwa. Nawaambia ni joto la ziwa.

Wewe ni dada yangu mkubwa, na tangu mama afariki hakuna mtu mwingine aliyeniita mutoto. Nakumbuka siku uliyorudi Kashikishi kutoka Elisabethville, baada ya kumzika mumeo, shemeji Kazadi. Ulikuwa na sanduku moja, kipaza sauti chake kidogo, na lile gitaa la umeme umelifunga kwenye kitenge na kulibeba mgongoni. Wanawake waliokuwa wakianika dagaa wa chisense mchangani walidhani umebeba mtoto, wakaja kukupa pole na kumwona. Ulifungua kitenge ukawaonyesha. Hawakujua wacheke au walie, na wewe ukacheka kwanza.

Lile gitaa lilifika likiwa gonjwa. Kiangazi kilikuwa kimekausha mti wa shingo yake, nyuzi zikawa zinagusa vile vyuma vyembamba vilivyolala shingoni, na kila ukipiga lilitoa mvumo kama nyuki ndani ya kopo. Nilikuambia kwamba mimi ni fundi wa mitumbwi, vyombo vya muziki sivijui. Ukasema: "Mti ni mti, wewe mutoto. Kazadi alinionyesha kila kitu. Mimi nitasema, wewe utashika."

Ukakaa kwenye kigogo, ukanielekeza. Kuna chuma kimefichwa ndani ya shingo. Ulinifundisha kukilegeza kidogo sana, robo ya mzunguko, kisha kuliacha gitaa lipumzike hadi kesho yake. Tulipima nafasi kati ya uzi na chuma kwa wembe wa kunyolea. Tukainua kiti cha nyuzi, kile kinachozibeba tumboni mwa gitaa, kwa bisibisi, upande wa nyuzi nene. Siku ya tatu Mgiriki anayenunua samaki alituruhusu kuchomeka waya kwenye jenereta lake la barafu. Ukapiga, na ule mvumo haukuwepo. Wapakiaji walitua masanduku ya samaki wakasimama. Mimi nilikutazama uso, yaya. Tangu ulipofika sikuwa nimeuona umetulia namna ile.

Halafu ukaungua kwenye tanuri la kukaushia samaki, vidole viwili vya mkono wa kushoto. Vilipona, lakini vikawa vigumu. Ndipo Ilunga, mdogo wake Kazadi, alipovuka ziwa kutoka Kilwa ya ng'ambo. Hakuja na ugomvi. Alisema kwamba kwao vitu vya marehemu hurudi kwa ndugu zake, lakini gitaa ni la mtu anayelipiga. Alikuwa amesikia utapiga kwenye arusi ya binti wa karani wa Mgiriki. Angekuja kusikiliza. Ukiweza, litabaki kwako mpaka utakapokufa, na hakuna mtu wa ukoo atakayeliulizia. Usipoweza, kuna vijana kwao wanaolingoja.

Ukaniletea gitaa nikushushie nyuzi, ili vile vidole vigumu visipate taabu kuzibana. Nilishusha kiti cha nyuzi. Ukasema bado. Basi nikachukua tupa yangu ndogo ya kunolea ndoana, nikaanza kuchimba mifereji ya kile kipande cha mfupa kilicho kichwani mwa shingo, ambamo nyuzi hupita. Mitano ilikwenda vizuri. Ule wa sita, wa uzi mnene, niliusugua huku nikiwasimulia wavuvi wawili waliokuja kuchukua makasia kwamba mitumbwi yangu haijawahi kuingiza maji. Tupa ikazidi.

Ulipiga uzi ule ukiwa wazi, bila kuubana, ukanguruma. Nikaubana mimi mwenyewe kwenye chuma cha kwanza, ukatoa sauti safi. Nikauachia, ukanguruma tena. Pale pale nilijua, yaya. Ukibanwa ni safi, ukiwa wazi unavuma: basi shingo haina kosa, mfereji ndio uliozama. Dawa yake ilikuwa kuchonga mfupa mwingine, kazi ya asubuhi moja.

Uliniuliza: "Ni gita ao ni vidole yangu?"

Wale wavuvi walikuwa wananitazama. Nikasema: "Ni vidole, yaya. Gita iko muzuri."

Hukubisha. Ulitazama mkono wako wa kushoto, ukaukunja, ukaukunjua. Siku zote umeamini neno langu kuhusu mti.

Nilijiambia nitalichukua kesho nilirekebishe bila wewe kujua. Kesho yake ulilipeleka kwa karani kufanya mazoezi, nami sikukufuata. Siku ya arusi, pale uwanjani mbele ya kanisa, ulipiga nyimbo mbili na nusu. Mkono wako wa kulia hupenda kurudi kwenye uzi ule mnene, hivyo ndivyo Kazadi alivyokufundisha, na kila uliporudi kipaza sauti kilitoa ule mngurumo kwa watu wote. Nyuma yangu mtu alisema mjane apumzike sasa, akasonge bukari. Wakacheka. Ukaacha katikati ya wimbo, ukamwendea Ilunga, ukamwambia: "Chukua, shemeji. Vidole yangu ilikufa."

Nilikuwa nimesimama hatua sita kutoka kwako. Sikufungua kinywa.

Wiki ile ile ulipanda lori la samaki ukaenda Chienge. Nasikia unauza chumvi na sabuni, na kanisani huimbi. Miaka miwili sasa. Watu husema ni huzuni ya mume. Mimi hunyamaza.

Mwezi uliopita nilivuka hadi Kilwa. Nilimkuta Ilunga nyumbani kwake, gitaa limetundikwa ukutani. Wale vijana liliwashinda kwa sababu ya ule mngurumo. Nilimweleza yote, bila kupunguza. Alilishusha, akanipa. Nilichonga kipande kipya kwa jino la kiboko, nikachimba mifereji sita polepole, kila mara nikiweka uzi na kupima, nikiweka na kupima. Ilunga alipopiga uzi mnene ukiwa wazi, ulikuwa safi. Akaurudia mara nyingi. Kisha akalifunga gitaa akaniwekea mikononi, na kusema: "Gita narudisha. Ile ulimwambia, mimi sina namna ya kuirudisha."

Basi gitaa liko hapa kwangu, kwenye sanduku, mbali na moshi. Sikulileta Chienge kwa sababu naogopa utalipokea kwa heshima na kunikaribisha chakula, nami nitakula na kurudi nyumbani bila kusema. Najijua.

Kwa hiyo nimeandika. Na kwa kuwa uliaibishwa mbele ya watu, nimemwomba mwalimu wa kanisa aisome barua hii Jumapili baada ya ibada, pale pale uwanjani, kwa karani na mkewe, kwa wale wavuvi wawili, kwa waliocheka. Mimi nitasimama mbele wanione. Jumatatu ndipo itapanda lori kuja kwako. Mpaka uifungue, Kashikishi nzima itakuwa imekwisha kujua kwamba vidole vyako havikuwa na kosa.

Ukitaka kukaa kimya, ni haki yako. Ukija, usipitie kwangu kwanza. Gitaa nitalipeleka kwa mke wa karani, ulikute huko.

Ni mimi, mdogo wako uliyemwamini