Pampu ya Chausiku

Mgeta, Morogoro
Juni 2025

Ndugu yangu Wilfred,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti lako limepata nafuu licha ya ngazi za Leipzig. Mimi sijambo, ila nimechoka. Milima hii haimhurumii mtu aliyezeekea ugenini.

Umeniuliza kama ununue pampu ya maji huko Ujerumani, ambako sheria inambana muuzaji kwa dhamana ya miaka miwili, au uje uinunue Morogoro. Nikueleze kwanza yaliyompata dada yangu Chausiku.

Mwaka jana, nilipokuja likizo, nilimnunulia pampu mjini ya kumwagilia kabichi zake. Muuzaji, Luqmani, alitaka kuiwasha mbele yetu, kama wanavyofanya hapa hata kwa balbu. Nikamkataza. Nilitaka boksi libaki na gundi yake ya kiwandani; nikamwambia ikiwa mbovu tutairudisha. Alicheka, akasema, mzee, hapa dhamana ni kuisikia inanguruma kabla hujavuka mlango. Chausiku alinivuta shati. Nikamwambia atulie, mambo haya nayajua.

Nikarudi Leipzig kufunga nyumba. Kila nilipopiga simu, dada alisema pampu inafanya kazi, kabichi zimenona.

Nilipohamia huku mwezi uliopita, nilimkuta akipanda kutoka mtoni na ndoo kichwani. Nusu ya bustani ilikuwa imekauka. Pampu ilikuwa ndani ya boksi, imefunikwa kitenge. Haikuwahi kuwaka, na hakuirudisha, alijua haitapokewa.

Niliibeba hadi dukani. Nilimkumbusha Luqmani kwamba hata sheria ya hapa inataka kitu kinachouzwa kifae kwa kazi yake. Akaniuliza, kwa upole, nitathibitishaje kwamba haikuharibikia kwenye lori la Mgeta. Wauzaji wa jirani wakamwambia amwachie Mjerumani kiti apumzike. Nikakaa, kweli.

Jana nilimuuliza dada kwa nini alinificha. Aliendelea kumenya viazi, akasema ningejua pampu imekufa ningeona huku hakukaliki, nisingerudi. Maji angeweza kubeba, alisema. Kuningoja tena ndiko kulikomshinda.

Kwa hiyo njoo mikono mitupu. Tutanunua pamoja, na itanguruma palepale mlangoni. Kwa sasa ndoo ya asubuhi naibeba mimi, nusu inamwagika njiani.

Nisalimie Bernadeta na wote wanaoniulizia. Chausiku anakusalimu sana, na anauliza kama wewe unaweza kubeba ndoo.

Wako wa siku zote,
Maneno