Sauti Niliyoizima Mikumi

Mikumi, Kilosa
14 Juni 2025

Mdogo wangu Yared,

Natumaini karatasi hii inakukuta ukiwa na afya, pamoja na shemeji na wanangu wote. Huku tunaendelea vizuri, ila goti la shemeji yako Vaileth limeanza tena ukorofi wake tangu masika, na nyumba nzima inalisikia. Anakusalimu sana, na anauliza kama vile vitunguu vya Lumuma tulivyokupakilia vilifika kabla ya kuoza. Shikamoo yako ya kwenye simu niliipata. Marahaba, mdogo wangu.

Utashangaa kupata barua kutoka kwa mtu mwenye simu mbili. Ni kwamba jambo uliloniomba, kwa simu ungenikatiza katikati. Uliniomba nikuandikie maneno aliyosema mama siku ile ya fainali, neno kwa neno, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa naye, ili uyasome mbele za watu mwezi ujao watakapokutunuku kwa miaka yako ishirini ya kutangaza michezo. Maneno hayo nitakuandikia. Ila usirukie mwisho wa barua kama ulivyokuwa unarukia majibu nyuma ya kitabu cha hesabu.

Nianzie siku niliyokwenda kukupokea Kilosa, ulipokuja kwa ile semina. Uliposhuka kwenye treni ya mwendokasi na suti yako isiyo na mkunjo, mwanamke mmoja pale stesheni alikuita Wameingia, kana kwamba ndilo jina ulilobatizwa. Watu wakacheka, wakataka kupiga picha na wewe, na mmoja akanipa simu yake niwapige. Mimi kaka yako nikawapiga picha. Nilikuwa natabasamu, lakini ndani nilikuwa naungua.

Maana kelele ile ni ya baba. Baba ndiye aliyekuwa anapaza sauti kule Lumuma kila nyani wakishuka msituni kuja kwenye mahindi yetu, wameingia, wameingia shambani, na sisi tunatoka mbio na mawe. Leo mshambuliaji akiingia kwenye boksi nchi nzima inaingoja kelele hiyo kutoka kwako. Lakini nikwambie, Yared, wewe hukuwa wa kwanza kuipeleka kwenye mpira. Wa kwanza ni mimi, hapa hapa Mikumi, kwenye banda umiza langu la kuonyeshea mechi, wakati wewe bado unasoma matokeo ya ligi kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba.

Kwa hiyo nilipokusikia ukiisema mara ya kwanza, kwenye runinga ya dukani kwa Siwema jirani yangu, niliacha sukari niliyoinunua juu ya meza nikaondoka. Nilijua mtu wa hapa amekupelekea na wewe umeichukua bila hata kuniuliza. Ukapandishwa cheo ukawa mhariri wa michezo, nikasema amepanda kwa mgongo wangu. Ukawa mkuu wa idara, nikasema hivyo hivyo. Ulipoitwa mkurugenzi, Vaileth alipiga vigelegele, nami nikamwambia anashangilia kelele ya wizi. Tulinuniana siku nne.

Ndiyo maana kwenye semina yako ile hotelini nilikaa nyuma kabisa. Ulisimulia ulivyoanza Morogoro kwenye redio ndogo isiyoshika hata Lumuma, ukitembea kwa mguu kwenda uwanjani, hadi leo unakaa meza moja na wenye vilabu. Ukaeleza na yajayo, kwamba mechi zitahamia kwenye simu, kamera zitajigeuza zenyewe bila mtu wa kuzishika, na mtazamaji atachagua mwenyewe mtangazaji anayemtaka. Ukasema kwa upole kabisa kwamba miaka mitano ijayo mabanda umiza yatakuwa hadithi. Watu wa Mikumi waliokuwamo wakageuka kunitazama. Mkuki kwa nguruwe mtamu, mdogo wangu. Nilijifanya natafuta kitu mfukoni.

Halafu mtu mmoja akakuuliza kelele yako uliitoa wapi, nami nikakaza masikio nikisubiri uongo wako. Ukajibu kwamba hukuibuni. Ukasema kesho yake baada ya fainali ile, mama alikupigia akakusifu kwamba uliita wameingia kama marehemu baba, wakati wewe hukukumbuka kabisa kuisema. Ukadhani ni hamasa ya mchezo iliyokutoa kwenye akili. Wiki iliyofuata ukaisema kwa makusudi, simu zikafurika kituoni, na tangu hapo ngazi ikawa mbele yako. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa na glasi ya juisi mkononi, nikaiweka chini bila kuionja.

Sasa sikiliza, na ukae chini kwanza.

Wewe hukusema wameingia siku ile. Tangu mwezi ulipoanza kutangaza kwenye runinga, sauti yako haijawahi kusikika bandani kwangu. Kila mechi yako nilishusha sauti ya runinga hadi sifuri, nikachukua kipaza sauti nikatangaza mwenyewe. Wateja niliwaambia king'amuzi kina hitilafu ya sauti, na baadaye wakazoea wakanipenda, hawakuuliza tena. Mwenye wivu ajinyonge, wanasema. Mimi sikujinyonga, nilishika rimoti.

Wiki ile ya fainali mama alikuwa ameshuka kutoka Lumuma kuja kutibiwa mtoto wa jicho. Macho yalikuwa hayaoni zaidi ya mwanga, na kijijini runinga hazikuwepo, kwa hiyo aliomba kitu kimoja tu, aletwe bandani akusikie mwanawe ukitangaza. Nilimkalisha mbele kabisa karibu na spika. Nilishika rimoti, Yared, na nilikuwa na nafasi ya kuiacha. Kidole kikaenda chenyewe kama siku zote. Nikarudi kwenye kona yangu nyuma ya pazia nikatangaza dakika tisini. Unajua sauti zetu zilivyo, hata shangazi hututofautisha kwa shida kwenye simu. Mwanzoni nilitangaza kama mimi. Nilipoona mama anatikisa kichwa na kuwaambia waliokaa karibu kwamba huyo ni mwanawe, nikaanza kutangaza kama wewe. Vijana wakacheka, wakadhani ni mzaha.

Kwa hiyo kelele sikuibiwa. Niliituma mwenyewe kwa mdomo wa mama, halafu nikakuchukia miaka kumi na moja kwa kuipokea. Mama alirudi Lumuma na hakuja tena Mikumi hadi tulipomzika. Hakukusikia ukitangaza hata mechi moja. Kwa hilo nakuomba radhi, na nimemwomba na yeye pale kaburini. Kwa ule wivu sijaomba radhi bado, kwa sababu bado ninao, na sitaki kukudanganya tena.

Haya ndiyo maneno yake. Mechi ilipoisha alisema kwamba Yared ana koo la baba yake, kwamba aliposikia wameingia alitaka kuinama aokote jiwe, na kwamba sasa hata macho yasipopona hana neno, Mungu amemwonyesha mwanawe kwa masikio. Halafu nikatoka nyuma ya pazia nikamshika mkono nimwinue. Akaniuliza mimi nitakaa bandani kuwasha na kuzima mashine hadi lini, kwani sioni mwenzangu anavyosikika nchi nzima. Nilifungua mdomo nimjibu, sauti ikatoka imekauka kabisa kwa zile dakika tisini. Akanipa pole ya mafua, akasema nikifika nyumbani nichemshe tangawizi.

Nilichemsha, nikanywa.

Soma utakayoona yanafaa, nami sitakulaumu. Msalimie shemeji, wabusu watoto, na ukipata nafasi tuulizie hospitali ya magoti ya huko, Vaileth ameniagiza nisisahau. Mungu akulinde.

Ni mimi kaka yako,
Marko