Lenzi Ndefu na Kiwanja cha Kwala

Fundi Shomari,

Shikamoo huko uliko. Mwanafunzi wako nimeokota dodo chini ya mwarobaini! Dalali mkubwa wa viwanja aliwaruka wapiga picha wote wa Kibaha, akaja mwenyewe kwenye banda letu la Misugusugu, akanichagua mimi Seba, darasa la saba la kubahatisha.

Lakini Fundi, najionea kinyaa. Hata chapati sizitaki.

Viwanja vyenyewe viko Kwala, porini. Akaniambia, "Chifu, nataka winchi za bandari kavu zionekane zinagusa uzio." Nikarudi nyuma weee, nikafunga lenzi yako ndefu, ile ya milimita mia mbili. Pori lote la katikati likajikunja kama mkeka. Kisha nikafunga lenzi pana, nikachuchumaa karibu na ardhi: kipande cha kutosha choo na migomba miwili kikawa uwanja wa mpira. Dalali akacheka mpaka mate yakanirukia. Na mimi nikacheka. Ptu! Najinukia kama samaki wa juzi.

Wewe lenzi ndefu ulinifundishia bibi harusi mwenye haya, apigwe kwa mbali asishtuke. Lenzi pana, ukoo mzima wa Kisarawe, babu asibaki nje ya picha. "Seba, mwenye picha ajitambue," ulikuwa ukisema, huku unafuta kioo kwa shati lako la jasho, mzee mchafu wewe!

Jana mkeo, Mama Rehema, kaja bandani na kipeperushi cha dalali. "Mwanangu, nauza shamba la Marui ninunue hapa, mlangoni kwa bandari. Nimeiona picha nikajua huu mkono wa nyumbani."

Shamba la Marui, Fundi. Ulipolala wewe.

Nikammiminia chai, nikanyamaza. Mimi! Na mdomo wote huu!

Keshokutwa anatia saini. Basi asubuhi hii namfuata, nimpeleke Kwala asimame pale kwa miguu yake, azitafute hizo winchi. Na nitamwambia jinsi nilivyoipiga ile picha. Akinizaba kofi, halali yake. Pumzika, Fundi wangu. Hatauza kaburi lako kwa picha yangu, nakuahidi.

Na ile bahati niliyokuringia ni uongo. Hakuna aliyenichagua. Dalali nilimfuata mwenyewe, nikambembeleza wiki nzima.

Seba